Hospitali ya Punda: Safari ya Masomo na Faida Yake kwa Kitui na Makueni

"Tembea uone," husema watu. Msemo huu una maneno mawili tu, lakini wengi hulishika la kwanza na kulisahau la pili. Kutembea peke yake hakumfundishi mtu; kuona ndiko kufundishako. Mtu aweza kuvuka bahari, akaonyeshwa majumba makubwa na vyombo ving'aavyo, akarudi kwao na picha nyingi mfukoni, wala asiwe na neno hata moja la kumfaa jirani yake.

Makala haya yahusu safari za namna moja, yaani safari za watu wa kazi moja waendao kuzuru mahali pa kazi kama yao katika nchi nyingine. Walimu huzuru shule, wakulima huzuru mashamba, na madaktari wa mifugo huzuru hospitali za wanyama. Tutatazama hospitali moja iliyoko Misri, tuone ilianzaje na hufanya kazi gani. Kisha tutauliza: mtu wa Kitui au wa Makueni akitoka huko, amletee nini mwenye punda wa Zombe au wa Kathonzweni?

ELIMU ILIYOKUA KWA KUTEMBELEANA

Elimu ya kuganga wanyama imekua kwa watu kutembeleana. Chuo cha kwanza cha kufundisha madaktari wa wanyama kilianzishwa mjini Lyon, katika Ufaransa, mwaka 1761, na Bwana Claude Bourgelat. Vijana wa nchi nyingine za Ulaya walikwenda kusoma huko, wakarudi kwao na maarifa. London walipopata chuo chao mwaka 1791, mwalimu wake mkuu wa kwanza alikuwa Mfaransa aliyesoma Lyon.

Mwaka 1863 Bwana John Gamgee, mwalimu wa udaktari wa wanyama katika Edinburgh, aliwaita wenzake wakutane mjini Hamburg, Ujerumani. Walifika zaidi ya 100 kutoka nchi 10. Shauri lao kubwa lilikuwa hili: ng'ombe wauzwao kutoka nchi hii hadi nchi ile wachukua magonjwa pamoja nao, je, yazuiweje? Gamgee aliwaonya watu wa nchi yake kwamba ugonjwa wa sotoka utawafikia. Wengi hawakumsikiliza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1865, sotoka iliingia Uingereza ikaua ng'ombe wengi mno.

Sotoka hiyo hiyo ilifika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na wazee wetu wameisimulia kwa uchungu. Lakini chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa hapa hapa kwetu. Huko Muguga, karibu na Nairobi, kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, Bwana Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyoweza kufanywa kwa wingi na kwa gharama ndogo. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Basi tusidhani kwamba siku zote sisi ndio wageni na wengine ndio wenyeji. Maarifa hutoka huku na huku, nasi tumetoa yetu.

BIBI BROOKE NA FARASI WA VITA

Sasa twende Misri. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, jeshi la Uingereza lilikuwa na farasi maelfu katika nchi zile. Kuwarudisha kwao kwa meli kulikuwa gharama kubwa, hivyo wengi waliuzwa huko huko. Walionunuliwa mjini Cairo waliingia kazini: kuvuta mikokoteni, kubeba mawe, kuzungusha mawe ya kusagia.

Mwaka 1930 Bibi Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi la Uingereza, alifika Cairo. Aliona barabarani farasi wazee, wamekonda mno, wengine vipofu, wengine wakichechemea, na juu ya ngozi zao bado ipo chapa ya jeshi. Aliwatambua: ndio wale waliotumikia vita. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti moja la London liitwalo Morning Post, akaeleza aliyoyaona. Wasomaji walimpelekea fedha. Katika muda wa miaka mitatu yeye na kamati yake walinunua farasi 5,000 wa namna hiyo. Wengi wao walikuwa wamechoka kupita kuponywa, na jambo jema lililobaki kufanywa lilikuwa kuwapumzisha bila maumivu.

Hapa msomaji azingatie jambo moja. Bibi Brooke hakuwanyang'anya watu farasi wao, bali aliwanunua. Alijua kwamba mwenye mnyama yule mara nyingi alikuwa maskini, na mnyama ndiye aliyemlisha yeye na watoto wake. Ukimchukua mnyama wake bure kwa kusema wamwonea huruma, umemhurumia mmoja na kuwanyima chakula watu watano.

Tena aliona kwamba kuwanunua wazee hakutoshi. Kesho yake barabara za Cairo zingekuwa na farasi na punda wengine, wenye vidonda vile vile, na wenyewe wakiwa na umaskini ule ule. Kwa hiyo mwaka 1934 ilianzishwa hospitali, ikaitwa Hospitali ya Ukumbusho wa Farasi Wazee wa Vita, na nia yake ilikuwa kuwatibu bure farasi na punda wote wa kazi katika mji ule. Bibi Brooke alifariki mwaka 1955. Chama chake, ambacho siku hizi huitwa Brooke tu, kimeendelea, na leo kinafanya kazi katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Kazi yake katika Kenya ilianza mwaka 2001.

SIKU YA KUZURU: MGENI AANGALIE NINI?

Tuseme kikundi cha watu wa mifugo kimepata nafasi ya siku moja ya kuzuru hospitali kama hiyo. Siku moja ni fupi. Asubuhi kuna salamu na chai, mchana kuna hotuba, jioni kuna picha. Mgeni asipojua la kuangalia, siku itakwisha naye hajaona kitu. Mambo manne yanafaa sana.

Kwanza, asimame mlangoni. Awatazame wanyama waingiao na watu wawaletao, na aulize swali hili: mnyama huyu ameugua tangu lini? Mara nyingi atasikia kwamba kidonda kilianza zamani, mwenyewe akingoja kipone chenyewe. Hilo si jambo la Misri peke yake. Mtu anayeishi kwa kazi ya mnyama wake huogopa kumpumzisha hata siku moja, kwa maana siku hiyo hakuna pato. Daktari asiyejua hofu hiyo atamgombeza mwenye mnyama, na mara ya pili hatarudi.

Pili, avitazame vidonda vilivyo mwilini na mahali vilipo, kwa maana kila kidonda hueleza kilikotoka. Kidonda cha mgongoni kimeletwa na tandiko bovu au mzigo uliolalia upande mmoja. Kidonda cha kifuani au begani kimetokana na kamba nyembamba badala ya mkanda mpana. Kidonda cha chini ya mkia ni cha kamba izuiayo mzigo usiende mbele. Kidonda cha mguuni ni cha kufungwa usiku kwa kamba ya nailoni. Basi dawa hukitibu kidonda, lakini kama kamba haikubadilishwa, baada ya wiki mbili mnyama atakuwa pale pale mlangoni.

Tatu, aitazame miguu. Kwato hukua kama kucha zetu. Zisipokatwa hurefuka na kupinda, na mnyama hukanyaga vibaya hata viungo vikaharibika. Katika hospitali ya wanyama wa kazi, fundi wa kwato ana heshima karibu sawa na daktari.

Nne, aangalie saa ya kuondoka. Mwenye mnyama anapofunguliwa mlango arudi nyumbani, je, amepewa dawa tu, au ameonyeshwa pia namna ya kusafisha kidonda na kushona tandiko? Hospitali njema hupimwa hapo.

Mgeni akiyaona hayo manne, atagundua jambo ambalo jengo zuri lingeweza kumficha. Sehemu kubwa ya maumivu yaletwayo pale hayakuletwa na maambukizo kama sotoka. Yametoka katika kazi yenyewe, na yangeweza kuzuiwa nyumbani kwa mkasi, sindano ya kushonea magunia na kipande cha blanketi kuukuu.

HESABU YA MZIGO

Sasa turudi Ukambani. Watu wa Kitui na Makueni wanajua kiangazi ni nini. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na mara nyingine moja hukosa kuja. Mito kama Tiva, Thua na Kaiti huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na maji huchimbwa chini ya mchanga huo. Kutoka kisimani hadi nyumbani kwaweza kuwa mwendo wa saa nyingi. Anayeubeba mwendo huo ni punda; asipokuwapo punda, ni mgongo wa mama.

Tufanye hesabu kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa lita 20 basi ni kilo 20. Mitungi minne, ambayo ndiyo desturi ya watu wengi, ni kilo 80. Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kilo 150 hivi. Kanuni ifundishwayo mara nyingi ni kwamba punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 50. Kwa hesabu hiyo mitungi miwili iliyojaa, pamoja na tandiko, inafaa. Mitungi minne yapita nusu ya uzito wa mnyama mwenyewe.

Mama mmoja atajibu, naye atakuwa na haki: "Nikichukua miwili nitakwenda mara mbili, na jua halitaningoja." Hesabu haitoshi kumjibu mama huyo. Afadhali tumpe njia. Ya kwanza ni mkokoteni. Punda wawili wenye mikanda mizuri ya kifua, wakivuta mkokoteni uliosawazishwa mbele na nyuma, huchukua maji mengi zaidi kuliko wabebavyo mgongoni, na wala hawapati vidonda vya uti wa mgongo. Mkokoteni ni ghali kwa nyumba moja, lakini kikundi cha akina mama kinaweza kuununua kwa kuchangiana. Ya pili ni kuyaleta maji karibu kwa kujenga mabwawa ya mchanga katika mito, kazi ambayo Ukambani inasifiwa nayo hata nje ya Kenya. Ya tatu ni ya yule ambaye leo hana mkokoteni wala bwawa: apunguze mzigo njia iwapo ya mlima, aweke tandiko nene lisilogusa uti wa mgongo, asawazishe mitungi pande zote mbili, ampe punda maji ya kunywa kisimani kabla ya kumpakia, na ampe siku moja ya mapumziko katika wiki.

PEPOPUNDA NA KICHAA

Lugha yetu imeuita ugonjwa mmoja mbaya "pepopunda". Ugonjwa huu huwapata watu, na punda na farasi nao huwapata kwa wepesi kuliko wanyama wengi. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, navyo huingia mwilini kwa njia ya kidonda, hasa kidonda chembamba kirefu kama cha msumari katika kwato. Mnyama hukakamaa miguu na shingo, taya hufunga, na mara nyingi hufa. Kuna chanjo ya kuuzuia. Mwenye punda amwulize daktari wa mifugo wa kaunti, na kila kidonda akioshe mara moja kwa maji safi yenye chumvi.

Jambo la pili ni kichaa cha mbwa. Punda aumwaye na mbwa mwenye kichaa huweza kuugua naye, na mate yake yana hatari kwa watu. Punda aliyebadilika tabia ghafula, auma watu au ajiuma mwenyewe, au ashindwa kumeza, asitiwe mkono kinywani hata kidogo. Toeni habari kwa daktari wa mifugo. Mtu aliyeumwa au kuguswa na mate hayo penye jeraha aoshe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Akingoja mpaka dalili zionekane, dawa haitamfaa tena. Ulinzi ulio bora ni kuwachanja mbwa wote kila mwaka.

HOSPITALI BILA PUNDA HAINA KAZI

Kuna hatari nyingine ambayo daktari peke yake hawezi kuitibu. Ngozi ya punda hununuliwa na wafanya biashara ili ichemshwe itoe gundi itumikayo kama dawa katika nchi ya China. Mwaka 2012 sheria ya Kenya ilimhesabu punda kuwa mnyama wa kuchinjwa, na tangu mwaka 2016 machinjio makubwa yalianza kazi. Yalikuwapo manne, katika Mogotio, Naivasha, Turkana na Machakos. Kutoka mwaka 2016 hadi mwisho wa 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000.

Msomaji atauliza: mbona mbuzi na ng'ombe huchinjwa kila siku wala hawaishi? Sababu ni uzazi. Punda jike huchukua mimba kwa muda wa mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo hungoja miaka kadhaa kabla ya kufanya kazi. Aliyechinjwa leo habadilishwi mwakani. Katika hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 Kenya ilikuwa na punda wapatao milioni 1.8, katika hesabu ya 2019 walikuwa karibu milioni 1.2.

Tena wezi waliingia. Watu wengi walilala wana punda wakaamka hawana. Wengine waliikuta mizoga vichakani, imechunwa ngozi. Nyumba iliyokuwa na maji jana ilianza upya kubeba mitungi mgongoni, na mara nyingi aliyetolewa shuleni kusaidia alikuwa msichana. Mwezi wa Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Bwana Peter Munya, aliyapiga marufuku machinjio hayo. Mwezi wa Mei 2021 Mahakama Kuu iliiondoa amri ile. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Hayo ni mashauri ya wakuu. Mwananchi naye ana lake: kumtia punda chapa, kumlaza katika boma lenye kufungwa, na kuwa na mpango na majirani wa kupiga yowe na kufuata nyayo usiku ule ule, si asubuhi.

LA KULETA NYUMBANI

Basi msafiri wetu aliyezuru Cairo alete nini? Asilete hamu ya jengo. Kitui ni kaunti pana sana, na hospitali moja mjini haitamfaa mtu wa Mutha wala wa Tseikuru ambaye punda wake hawezi kutembea. Hata chama cha Bibi Brooke chenyewe kiliona hivyo: baada ya hospitali kilianza kuwapeleka madaktari barabarani na vijijini, na kuwafundisha wenye wanyama, mafundi wa kwato na washonaji wa matandiko. Hospitali imejifunza kutembea.

Alete mambo matatu. La kwanza ni mifano: tandiko lililoshonwa vizuri, alikabidhi kwa fundi wa soko la Wote au la Mwingi aliige kwa vitu vya hapa. La pili ni orodha ya maswali, awaulize wenye punda katika baraza badala ya kuwahutubia. La tatu ni taarifa iliyoandikwa, isomwe na waliomlipia safari, waone kama fedha yao imezaa. Tena akumbuke kwamba si lazima kuvuka bahari. Kabete iko karibu, nako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari wa wanyama. Kikundi cha wafugaji chaweza kwenda na kurudi siku moja kwa basi.

Watu wa pwani husema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Husemwa kwa mzaha au kwa uchungu, lakini wako waufuatao kana kwamba ni shauri jema. Mzigo wa leo utafika, hapana shaka. Mzigo wa kesho utabebwa na nani? Katika nchi ya kiangazi jibu linajulikana, naye aubebaye hana kwato.

MASWALI YA DARASA NA YA BARAZA

1. Kwa nini Bibi Brooke aliwanunua farasi badala ya kuwachukua bure?
2. Mpime punda wa nyumbani kwenu kwa macho: ana vidonda wapi, na kila kidonda kimeletwa na nini?
3. Kutoka kwenu hadi penye maji ni mwendo gani, na punda hubeba kilo ngapi? Fanyeni hesabu ya theluthi moja.
4. Mkokoteni mmoja wa kikundi ungegharimu kiasi gani, na kila nyumba ingechanga ngapi kwa mwezi?
5. Punda akiibwa usiku wa leo katika kijiji chenu, ni nani atakayeitwa kwanza?